Pesa Iliyokataa Kutoka

Chumba cha mbele kilikuwa karakana. Kulikuwa na mashine mbili za kushonea, meza ya kukatia vitambaa, na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Mwenye chumba hicho aliitwa Mama Vifungo. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa sababu hakuwa akitupa kifungo. Hata kikiwa kimevunjika jicho moja, alikiweka kwenye kopo.

Alishona sare za shule, magauni na sketi. Mume wake alitengeneza mafriji na majokofu. Watu walimwita Fundi Barafu, na wengine walisema jina hilo lilimfaa kwa mengi, maana hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Walikuwa na watoto wawili shuleni. Kwa miaka miwili waliweka akiba kidogo kidogo ili wanunue mashine ya ovaloki, ile inayofunga pindo la kitambaa lisifumuke. Akiba ilikuwa kwenye simu ya Mama Vifungo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeaminika kutoigusa.

Siku moja wifi yake alikuja kumtembelea. Wifi huyu ni dada wa Fundi Barafu, na kazi yake ni ususi. Alikaa kwenye kigoda, akatoa simu.

"Wifi, hebu tazama hapa. Nimeweka laki moja tu. Kila asubuhi inazaa."

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na picha ya mche wa kijani. Chini yake kulikuwa na namba. Programu hiyo iliitwa Mbegu Njema.

"Inazaaje?" Mama Vifungo aliuliza.

"Ni sarafu za mtandaoni. Wao wananunua na kuuza, wewe unapata tatu kwa kila mia, kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata Jumapili."

"Na ukitaka kutoa?"

"Nimeshatoa. Kile kikausha nywele kipya saluni umekiona? Basi ndicho hicho."

Mama Vifungo alikuwa amekiona. Alimjua wifi yake kuwa si mwongo. Kweli hakuwa mwongo. Alisema alichokiona kwa macho yake, na alichokiona kilikuwa chambo.

Mama Vifungo alianza na laki moja. Baada ya wiki moja alijaribu kutoa elfu ishirini. Zilikuja. Siku iliyofuata aliweka laki nane, akiba yote iliyobaki ya ovaloki. Hakumwambia mumewe. Alitaka kumshangaza.

Kila asubuhi simu ililia mlio wa sarafu zinazoanguka, na maandishi yakatokea: Faida yako ya leo imeingia. Baada ya wiki nne namba ilisoma milioni mbili na ushee. Mshauri wa Mbegu Njema, mtu aliyemjua kwa sauti tu, alimwambia kuwa akileta mtu mwingine atapata nyongeza.

Aliyemleta alikuwa mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa mkunga aliyestaafu miezi mitatu nyuma. Kiinua mgongo chake kilikuwa benki, hakijaguswa. Aliwasikiliza mkwe wake na binti yake wakisema neno moja, na akaona kwamba watoto wawili hawawezi kukosea pamoja. Alisema atakwenda benki Alhamisi asubuhi.

Jumatano alikuja mteja mpya. Alikuwa na sketi ya kazini iliyomshinda urefu. Alisimama juu ya kigoda, na Mama Vifungo akapiga magoti nyuma yake na pini nne mdomoni.

Simu iliyokuwa mezani ikalia mlio wa sarafu.

"Fundi, hiyo ni Mbegu Njema?" mteja aliuliza.

"Mm," Mama Vifungo alijibu kupitia pini.

"Umeweka pesa humo?"

"Mm."

Mteja alimgeukia. "Mimi ni karani," alisema. "Nafanya kazi kwenye mamlaka inayosimamia masoko ya fedha. Napokea malalamiko. Jina la Mbegu Njema liko kwenye orodha ya onyo. Tumeibandika ukutani, na iko kwenye tovuti yetu. Si siri."

Mama Vifungo alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Onyo la nini, dada?"

"Hawana leseni. Wanapokea pesa za watu bila kibali cha kufanya hivyo."

"Lakini nimeshatoa elfu ishirini. Zilikuja."

"Ndiyo. Hata kwa wengi wengine zilikuja. Fundi, elfu ishirini hiyo ulilipwa kutoka wapi? Hakuna biashara inayozaa tatu kwa mia kila siku, mwaka mzima. Ulilipwa kwa pesa ya aliyeingia baada yako. Huo ni upatu. Wamebadilisha nguo tu. Siku wageni wakipungua, mlango unafungwa."

Mama Vifungo aliketi sakafuni. "Kwa hiyo hizi sarafu za mtandaoni ni uongo mtupu?"

"Hapana, sisemi hivyo. Zipo za kweli. Unalijua daftari la shule, lile la mahudhurio?"

"Nalijua."

"Sasa chukua daftari moja, linakiliwe kwenye kompyuta elfu nyingi. Mtu akiandika jambo, linaandikwa kote. Hakuna mmoja anayeweza kufuta kwake kwa siri, kwa sababu wengine wote wanalo. Hilo ndilo linaitwa blokcheni. Sarafu hizo zinaandikwa humo, nani amempa nani."

"Basi mbona ni nzuri."

"Daftari ni zuri. Lakini daftari halijui kama mtoaji amedanganywa. Linaandika tu. Na likishaandika halirudi nyuma. Benki ukikosea kutuma unaweza kwenda dirishani, ukalalamika. Huku hakuna dirisha. Ukikosea herufi moja ya anwani, pesa inaweza kupotea moja kwa moja. Akikuibia mtu, hakuna wa kumwambia arudishe."

"Na bei?"

"Bei ni kama nyanya sokoni, ila mbaya zaidi. Leo juu, wiki ijayo nusu yake. Nyanya zikishuka bei utapika. Hizi hupiki. Mtu asiweke huko pesa ya ada, ya kodi ya nyumba, wala ya uzee. Na sheria zake zinabadilika, kila nchi ina zake. Usimuulize anayekuuzia. Waulize wanaotoa leseni."

Mama Vifungo alichukua simu. "Hizi zangu ni zile za kweli, au?"

"Zijaribu. Toa zote."

Alibonyeza pa kutolea. Mche wa kijani ukazunguka. Kisha maandishi yakaja: ili kutoa, mteja alipe kwanza kodi ya asilimia kumi na tano, yaani laki tatu na kidogo, kwa namba ya mshauri. Asipolipa ndani ya siku moja akaunti itafungwa.

Karani alisoma, akatikisa kichwa. "Kodi halisi haitumwi kwenye simu ya mtu. Na kama pesa yako iko kwao, kwa nini wasikate humo humo? Ukilipa hiyo laki tatu, kesho itakuja ada ya usalama. Keshokutwa ada nyingine. Hiyo milioni mbili ni maandishi, fundi. Mimi naweza kukuandikia milioni kumi kwenye karatasi hii ya kukatia."

"Nimepotea," Mama Vifungo alisema.

"Umeibiwa. Ni tofauti. Programu hiyo uliipataje?"

"Kwa kiungo. Wifi alinitumia."

"Walikuomba nini?"

"Picha ya kitambulisho. Na niruhusu isome ujumbe wangu."

"Basi usiifute kwanza. Piga picha kila ukurasa, kila ujumbe, namba zote ulizozitumia pesa na tarehe. Ukimaliza, iondoe. Badilisha namba ya siri ya simu na ya benki. Kisha njoo ofisini, na upite polisi. Mapema, kabla hawajahamisha."

Karani alishuka kwenye kigoda, sketi ikiwa na pini upande mmoja. Alibadilisha nguo, akaiacha, akasema ataifuata Jumamosi.

Mama Vifungo alifanya kama alivyoambiwa, picha kwa picha. Alipomaliza alikumbuka kwamba kesho yake ni Alhamisi.

Jua lilikuwa halijazama Fundi Barafu aliporudi. Alikuwa na friji la mteja uani, akalifungua nyuma. Mke wake akaja kusimama karibu.

"Baba Watoto, nina neno."

"Sema."

Alisema yote, bila kupunguza. Fundi Barafu hakumkatiza. Spana ilibaki mkononi.

"Kiasi gani?"

"Laki tisa. Nilitoa elfu ishirini."

"Ya ovaloki."

"Yote."

Aliifuta spana kwa kitambaa, polepole. Mama Vifungo aliona afadhali angefoka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kukushangaza."

"Umenishangaza," alisema. Kisha akavuta pumzi. "Friji likivuja gesi, kwanza unaziba tundu. Iliyokwisha kutoka huikimbizi. Nani mwingine yumo?"

"Wifi. Na Mama."

"Mama ameweka?"

"Bado. Kesho asubuhi anakwenda benki."

Fundi Barafu aliweka spana chini. Alimpigia mama yake, simu haikupokelewa. Mama huyo alikuwa na kawaida ya kuizima akienda kusali jioni, na kusahau kuiwasha.

Alhamisi kabla ya saa mbili walikuwa mlangoni kwa mama mkwe. Walimkuta amevaa, mkoba begani, miwani shingoni. Wifi alikuwa tayari ameketi pale, amekuja kumsindikiza.

"Mmekuja wote," mama mkwe alisema. "Benki si arusi."

"Mama, usiende," Mama Vifungo alisema. "Mimi ndiye niliyekushawishi, na mimi ndiye ninayekuzuia. Mbegu Njema ni upatu. Jana nilitaka kutoa pesa yangu, imekataa."

Wifi alisimama. "Imekataa kwa sababu hujalipa kodi. Mshauri amenieleza. Wengine wote wanalipa."

"Wifi, kodi gani inalipwa kwa namba ya mtu?"

"Juzi ulikuwa unanishukuru. Leo nimekuwa mwizi?"

"Sijasema wewe mwizi. Nimesema tumeibiwa, wewe na mimi."

"Au kijicho? Kwa kuwa nina milioni nne na wewe una mbili?"

Fundi Barafu alitaka kusema. Mama yake akainua kidole, naye akanyamaza kama alipokuwa na miaka saba.

"Kaeni chini," mkunga alisema. "Nimezalisha wanawake miaka thelathini na moja. Sikuwahi kumdunga mtu dawa ya chupa isiyo na lebo, hata daktari aliponihimiza. Leo ninyi mnanihimiza huku na huku. Binti yangu, una milioni nne?"

"Ninazo, mama."

"Zitoe. Zote. Hapa hapa, nione."

"Mama, ukitoa zote unakosa faida ya kesho."

"Nitakufidia. Toa."

Wifi alibonyeza. Mche ukazunguka. Maandishi yakatokea yale yale, ila kodi yake ilikuwa laki sita. Alimpigia mshauri, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

Mshauri alikuwa mchangamfu. Alisema hilo ni jambo dogo. Kwa bahati nzuri, alisema, kama yule mama mwenye kiinua mgongo akiingiza pesa yake leo, kodi ya binti itasamehewa.

Mkunga alisogea karibu na simu. "Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, mama. Karibu sana kwenye familia ya Mbegu Njema."

"Asante. Ofisi yenu iko wapi, nije kuwasalimu?"

"Sisi tuko mtandaoni, mama. Hatuna haja ya ofisi."

"Na choo chenu, nacho kiko mtandaoni?"

Simu ilikatika. Wifi alipopiga tena haikupokelewa.

Hakuna aliyecheka, ingawa Fundi Barafu aliinamisha kichwa. Wifi aliketi sakafuni, mgongo ukutani. Alisema kwamba mle mlikuwa na kodi ya pango la saluni ya miezi mitatu. Kisha akasema lililomuuma zaidi. Alikuwa ameingiza watu kumi na mmoja.

Mkunga alivua mkoba begani, akautundika mahali pake. "Benki leo haina mgeni," alisema. "Lakini mguu umeshavaa kiatu. Twende polisi."

Walikwenda polisi, kisha kwenye mamlaka. Karani aliwapokea dirishani kama asiyewajua, ndivyo kazi ilivyotaka. Alichukua picha, namba na tarehe, akawapa karatasi yenye namba ya malalamiko. Hakuwaahidi kitu. Aliwaambia kuwa pesa iliyokwisha kugeuzwa sarafu na kupelekwa nje ni vigumu kurudi. Iliyobaki kwenye namba ya simu inaweza kuzuiwa, kama imo.

Kampuni ya simu ilizuia namba moja ya mshauri. Ilikuwa na pesa, si nyingi ukilinganisha na zilizoingia. Zitagawanywa mahakama ikiamua, na mahakama haikuwa na haraka. Wiki mbili baadaye Mbegu Njema haikufunguka tena kwenye simu ya mtu yeyote. Kundi la ujumbe la wateja wake, lenye watu mia tatu, lilifutwa.

Hapo wakatokea wengine. Mwanamume alimpigia wifi, akasema ni wakala wa kurejesha pesa zilizoibiwa. Alijua kiasi alichopoteza, mpaka elfu. Alitaka ada ndogo, na pia maneno kumi na mawili ya siri yanayofungua pochi yake ya mtandaoni ya kuwekea sarafu. Wifi alikuja mbio kwa Mama Vifungo na namba ile.

"Anajua kila kitu, wifi. Labda ni wa serikali."

"Amejuaje kiasi chako?"

Wifi alifikiri. "Wale ndio wanajua."

"Basi ni wale. Karani aliniambia siku ile alipofuata sketi. Pochi ya kweli inafunguka kwa maneno hayo. Ukimpa mtu, umempa pochi, na hakuna ofisi yoyote halali inayoyaomba."

Wifi hakuwa na pochi ya kweli wala maneno. Lakini alikuwa karibu kutuma ada. Badala yake alipeleka namba ile polisi, ikaongezwa kwenye faili.

Mkunga alikaa na kiinua mgongo chake mwezi mzima kabla ya kukigusa. Alimwomba karani amshauri pa kuweka. Karani alikataa, akasema kazi yake si kuuza kitu, ila alimfundisha kutazama orodha ya wenye leseni. Mkunga alikwenda kwenye chama cha akiba na mikopo cha wahudumu wa afya, akaomba aone leseni. Meneja aliishusha ukutani. Mkunga alivaa miwani, akaisoma mpaka mwisho, kisha akapiga simu mamlaka akiwa amesimama pale pale, kuuliza kama namba yake ni ya kweli. Ilikuwa ya kweli. Aliweka sehemu. Sehemu nyingine alinunulia mabati, akaezeka vyumba viwili vya uani vilivyokuwa wazi miaka minne. Mwezi wa pili alipata mpangaji, mwalimu wa hesabu.

Mama Vifungo na mumewe walianza akiba upya. Safari hii waliiweka kwenye akaunti yenye sahihi mbili. Fundi Barafu hakulitaja tena jambo lile, ila mara moja tu, mteja alipomwambia kuhusu sarafu mpya inayopanda. Alimuuliza leseni ni namba ngapi. Mteja hakujua, na mazungumzo yakarudi kwenye friji.

Lililobaki lilikuwa la wale watu kumi na mmoja. Wifi alisema hawezi kuwatazama usoni.

"Wakisikia kwa wengine itakuwa vibaya zaidi," Mama Vifungo alisema. "Nitakwenda nawe."

Walikwenda kwa siku tatu. Mmoja aliwafungia mlango. Mmoja alilia. Muuza mitumba alimtukana wifi mbele ya wateja, naye alisimama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akampa karatasi yenye namba ya polisi na ya mamlaka. Watatu walikubali kupeleka malalamiko siku hiyo hiyo.

Wa mwisho alikuwa seremala mzee mwenye karakana nyuma ya kiwanda cha matofali. Walimkuta amevaa shati la kutokea, bahasha mfukoni.

"Mmenikuta mlangoni," alisema. "Jana mtu amenipigia. Anasema Mbegu Njema wamehama, wanafungua akaunti za zamani. Nilipe kodi, nipate changu. Nimeuza kabati la harusi ya watu kwa bei ya hasara ili niipate."

Wifi alimweleza. Alimwambia kwamba ile aliyoweka mwanzo haitarudi, au ikirudi itakuwa kidogo, na kwamba hiyo ya bahasha bado ni yake.

Seremala alitoa bahasha, akaitia kwenye kopo la misumari, akalifunga.

"Waliokuja kuniambia niingie walikuwa watatu," alisema. "Wa kuniambia nitoke mmekuja ninyi tu."

Akavua shati la kutokea, akalitundika msumarini. "Mmebakiza wangapi?"

"Wewe ndiye wa mwisho," wifi alisema.

"Basi kaeni," seremala alisema, akafuta vumbi la mbao kwenye benchi kwa kiganja chake.